Mombasa: Mtaa wa Leso na Swali la Mwenye Mali

Asafiriye kutoka Kampala kwenda Mombasa kwa nchi kavu hupata siku mbili za kutazama nchi ikibadilika. Basi humfikisha Nairobi, na kutoka hapo lipo gari moshi lililoanza kazi mwaka 2017, ambalo huteremka katika nyika ya Tsavo hadi Miritini, kando ya kisiwa, kwa muda wa saa tano au sita. Mtu aliyezoea hewa ya Ziwa Victoria akishuka hapo hutambua mara moja kwamba amefika kwingine. Joto ni zito, lina chumvi, na shati humganda mgongoni kabla hajafika mjini.

Wengi wetu tunaijua Mombasa kwa ajili ya bandari ya Kilindini, kwa kuwa nchi yetu haina pwani na shehena zetu nyingi hupitia huko. Wengine wanaijua kwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mimi nilipopata likizo niliyapita yote mawili nikaenda moja kwa moja kwenye mtaa mmoja ambao vitabu vya watalii huutaja kwa mistari miwili tu. Unaitwa Barabara ya Biashara. Upo karibu na soko la Marikiti, hauna urefu wa kumchosha mtu, na kazi yake ni moja: nguo.

Niseme mapema kwamba makala haya yanahusu sheria, ili msomaji asije akadhani nimempoteza njiani. Lakini sheria ninayoikusudia ni tofauti na ile ambayo kwetu Uganda hukumbukwa mara tu mtu anapotaja mavazi. Sisi tumezoea sheria ya kumpima mvaaji. Mwaka 1972 amri ya Idi Amin ilikataza sketi fupi, na akina mama wengi walikamatwa kwa ajili yake. Mwaka 2014 ikaja sheria ya kupinga mambo ya uchafu. Na ingawa maneno yake hayakutaja sketi, wapo wahuni waliowavua wanawake nguo barabarani kwa kisingizio hicho, mpaka mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ilipovifuta vifungu vyake vikuu. Hayo tuyaache. Ipo sheria nyingine isiyozungumzwa sana majumbani, inayomwangalia mtu aliyeifikiri nguo, aliyeichora, aliyeipa jina, na yule aliyemwiga. Hiyo ndiyo niliyokwenda kuitazama mahali ambapo kila mtu anaishi kwayo, ajue asijue.

Katika Barabara ya Biashara maduka yameshikana bega kwa bega. Mbele ya kila mlango zimetundikwa leso, moja juu ya nyingine, hata ukuta hauonekani. Wenyeji wa Mombasa husema leso. Ukisema kanga wanakuelewa, ila wanajua kwamba umetoka kwingine. Kwetu Busoga akina mama husema lesu, kwa hiyo neno hilo halikunishangaza. Huuzwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana ambavyo havijakatwa. Mnunuzi huvipeleka kwa fundi aliyeketi na cherehani yake pale pale kibarazani, akavitenganisha na kuvipinda kingo kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha kahawa.

Wasomaji wetu wa kiume pengine hawajapata kuitazama leso kwa makini, ingawa wamefunikwa nayo tangu kuzaliwa. Ina sehemu tatu. Sehemu ya kuzunguka kingo nne huitwa pindo. Katikati ni mji. Na chini ya mji, katika kisanduku chembamba, limeandikwa jina, ndiyo yale maneno ambayo mke humwambia mumewe, au jirani humwambia jirani, pasipo kufungua mdomo. Niliwatazama akina mama wakinunua. Hawakuanza na rangi wala bei. Waliinama, wakasoma jina kwanza, na kama jina halikuwapendeza waliiachia leso ianguke mahali pake hata kama maua yake yalikuwa mazuri namna gani.

Asili ya leso ni jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayeuliza nguo ni mali ya nani. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, nao walikuwa wakimaanisha kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijatenganishwa, wakavikata vitatu vitatu na kuvishona pamoja, safu juu ya safu, hata wakapata shuka la vitambaa sita. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa tayari kwa mfano huo. Maandishi yaliyoongezwa baadaye yalikuwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tunazotumia. Nguo ilichapwa Ulaya, ikachapwa Japani, ikachapwa India, na baada ya uhuru viwanda vyetu vya Afrika Mashariki navyo vikaingia katika kazi hiyo, kama kile cha Urafiki mjini Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968. Siku hizi sehemu kubwa ya leso zinazotundikwa Mombasa zimechapwa India. Basi anayesema leso ni yangu, na awe tayari kuwajibu watu wengi.

Na hata hivyo yupo aliyeandika juu ya leso kwamba ni yake. Ukiinua ukingo wa leso nyingi za Mombasa utasoma herufi K.H.E., na baada yake maneno Mali ya Abdulla. Herufi hizo ni za Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara aliyeanza kazi hiyo katika mtaa huo mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye watu walimfahamu kwa jina la Abdulla. Mama mmoja aliyekuwa akinunua karibu nami aligeuza ukingo, akayaona maneno yale, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kutoa fedha. Sidhani kama alikuwa akifikiri habari za sheria. Lakini alichokifanya ndicho sheria ya alama za biashara inachokilinda: alama inamwambia mnunuzi mali imetoka kwa nani, naye anaamini kwamba haitachuja rangi akiitia majini.

Uholanzi wanafanya vivyo hivyo. Kiwanda cha Vlisco cha mjini Helmond, kilichoanzishwa mwaka 1846 na ambacho vitenge vyake huvaliwa zaidi Afrika ya Magharibi na Kongo, huchapa jina lake ukingoni mwa nguo, na kimeendesha vita virefu na wanaoiga michoro na jina hilo. Mwanamke wa Kinshasa hugeuza ukingo kama yule wa Mombasa.

Kwetu Uganda sheria ya alama za biashara ni ya mwaka 2010. Alama husajiliwa katika ofisi ya serikali inayojulikana kwa herufi URSB, hudumu miaka saba kwanza, kisha huweza kuhuishwa kila baada ya miaka kumi, tena na tena. Hili la tena na tena ni kubwa. Alama ya biashara haifi mradi mwenyewe anaitumia na kuilipia. Mchoro wa nguo hufa, kama nitakavyoeleza, jina huishi.

Niliketi muda mrefu katika duka la mzee mmoja ambaye baba yake pia alikuwa muuza leso. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza kama natoka bara. Nilipomwambia Uganda alifurahi, maana anao wateja wa Jinja na Iganga. Nikamwuliza habari za wizi wa michoro. Alicheka, akavuta doti moja kutoka rafuni na kuitandika juu ya meza.

"Hii nimeipokea Jumatatu," akasema. "Pindo hili nililifikiri mimi, jina nililitunga mimi na mke wangu. Baada ya miezi miwili njoo utazame ng'ambo ya barabara. Utaikuta pale, rangi imepauka, na neno moja limekosewa herufi, kwa sababu aliyelichapa hajui Kiswahili."

Nikamwuliza kwa nini hasajili mchoro wake. Alinitazama kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama karani.

Hapo ndipo sheria na leso zinapokosa kupatana, na inafaa tulieleze jambo hili kwa utulivu. Kenya wana Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, nasi tunayo ya kwetu ya mwaka 2014. Zote mbili humpa mtu aliyebuni umbo au mchoro mpya wa bidhaa haki ya kuuandikisha na kuwazuia wengine wasiutumie kwa miaka mitano, ambayo huweza kuongezwa mara mbili, hata jumla ikawa miaka 15. Sheria hiyo ni nzuri kwa mtengeneza kiti, chupa, au sufuria. Kiti kizuri huuzwa miaka kumi. Leso huuzwa msimu mmoja. Huingia wakati wa harusi au kabla ya Idi, hugombaniwa, huisha, na akina mama hudai nyingine, kwa maana hakuna anayetaka kuonekana na jina ambalo mtaa mzima umekwisha kulivaa. Mzee yule huleta michoro mingi kila mwaka. Kama angejaza fomu, akalipa ada na kungoja majibu kwa kila mmoja, leso ingekuwa imegeuka kuwa kitambaa cha kumbebea mtoto kabla cheti hakijatoka. Kwa hiyo hutegemea kutangulia. Mwenye kuiga huiga ya jana, naye ameshaleta ya leo.

Lipo tawi lingine la sheria, nalo ni hakimiliki, lisilohitaji cheti. Kwa sheria yetu ya mwaka 2006, mchoro uliochorwa na mtu kwa fikira zake unalindwa tangu pale ulipowekwa karatasini, na ulinzi huo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria hiyo imetaja waziwazi sanaa zinazotumika katika vitu vya kila siku, ziwe za mikono au za kiwandani. Shida yake ni ushahidi. Anayeshtaki lazima aonyeshe kwamba mchoro ni wake na kwamba mwenzake ameunakili. Katika mtaa ambao kila pindo lina maua, korosho na pembe, na korosho hiyo imekuwa ikichorwa na watu tangu kabla ya babu zetu, kumwonyesha hakimu kwamba korosho hii ni ya fulani ni kazi ya wakili mwenye subira na mteja mwenye fedha. Na yale majina ya leso? Mengi ni methali. Methali haina mwenyewe. Hata anayeitunga leo, kesho imekwenda.

Kwa bidhaa bandia zinazobandikwa jina la mtu mwingine, Kenya waliweka sheria maalum mwaka 2008 na kuunda chombo cha kukamata mali hizo bandarini na madukani. Huo ni msaada kwa mwenye jina. Kwa mwenye mchoro wa msimu mmoja, haufiki mbali.

Basi msomaji anaweza kudhani kwamba sheria hii yote ni ugomvi mdogo wa wenye maduka, usiomhusu askari wala mkewe. Nami ningedhani hivyo kama si habari ya kikoi.

Kikoi wote tunakifahamu: nguo ya pamba iliyofumwa, yenye mistari ya rangi kingoni na nyuzi zinazoning'inia, ambayo wanaume wa pwani hujifunga kiunoni wakiwa nyumbani, na ambayo siku hizi imekwenda hadi Ulaya kuwa taulo la ufukweni, mtandio na shati. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilipeleka ombi kwa ofisi ya alama za biashara ya nchi ile, ikitaka neno Kikoy, kwa herufi za Kizungu, lisajiliwe kuwa alama yake. Hebu fikiri maana yake. Kama ombi lile lingepita, mfumaji wa pwani au mwenye kiwanda cha Nairobi ambaye angepeleka mzigo Uingereza na kuuita kwa jina lake, angeweza kushtakiwa huko kwa kuiba jina hilo. Angelazimika kukiita kitambaa chenye mistari.

Sheria ya Uingereza, kama yetu, haikubali mtu mmoja achukue neno ambalo ni jina la kawaida la bidhaa. Huwezi kusajili neno sufuria kwa ajili ya kuuza sufuria. Lakini msajili wa London hajui kwamba kikoi ni sufuria ya pwani. Kwake ni neno geni linalopendeza masikioni. Ndiyo maana sheria huweka muda wa kutangaza ombi na kungoja mwenye pingamizi. Kwetu Uganda, na hali kadhalika Kenya, muda huo ni siku 60 tangu ombi litangazwe katika gazeti rasmi la matangazo. (Sisi tunaofanya kazi maofisini tunaliona gazeti hilo la matangazo likirundikana juu ya kabati, na nathubutu kusema kwamba wanaolifungua ni wachache kuliko wanaofungia njugu.) Kama hakuna anayesema kitu, msajili huhesabu kwamba hakuna aliyedhurika.

Safari hii walisema. Wafanyabiashara wa Kenya walipopata habari walipinga, wakisaidiwa na Traidcraft, shirika la Waingereza wenyewe lililokuwa likitetea biashara ya haki, pamoja na mawakili wa huko huko. Ombi halikufaulu, na kufikia mwaka 2008 jambo lilikuwa limekwisha. Watu wa Barabara ya Biashara bado wanalizungumza. Mzee wangu alisema lililomwuma si fedha, maana yeye hauzi Uingereza. Lililomwuma ni kwamba alihitaji barua ya wakili ili kuthibitisha jina ambalo bibi yake alilitumia kila siku.

Nikiwa nimerudi hotelini jioni ile nilikumbuka jambo ambalo watu wa forodha wanalijua vizuri. Katika orodha ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2005, kanga, kikoi na kitenge vimetajwa kwa majina yao hayo hayo, kama aina za nguo, na vimewekwa miongoni mwa bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi zikitoka nje ya Jumuiya. Yaani mwaka mmoja kabla ya ombi lile la London serikali zetu tatu za wakati huo zilikuwa zimekwisha kuandika kwa herufi rasmi kwamba kikoi ni kitu, wala si chapa ya mtu. Orodha hiyo inachosha kusoma, lakini ningemshauri yeyote atakayegombania jina la nguo siku nyingine aanze nayo.

Wamasai nao wana kisa chao. Mwaka 2011 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ya Ufaransa ilionyesha nguo za kiume zenye mirabaraba ya shuka la Kimasai. Hapakuwa na sheria iliyovunjwa kwa namna rahisi ya kuonyesha kidole. Mirabaraba ni ya kale, haina mchoraji anayejulikana, na shuka lenyewe lilikuja na biashara kabla Wamasai hawajalifanya kuwa lao. Mwaka 2016 Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na mapema zaidi, mwaka 2010, nchi za shirika la mali ya ubunifu la Afrika, ARIPO, zilitia saini mkataba wa jambo hilo hilo mjini Swakopmund, Namibia. Nia ni njema. Lakini mkataba unahitaji mtu wa kutia saini kwa niaba ya jamii, na fedha zikija zinahitaji mtu wa kuzipokea. Wamasai wako nchi mbili, Kenya na Tanzania, na wana wazee wengi. Sioni kama swali hilo limepata jibu linalowaridhisha wote.

Nami sitaki kumtia msomaji katika hofu, kwa maana kuna upande wa pili. Chukua gomesi yetu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1905 hivi fundi mmoja Mgoa mjini Kampala, aliyeitwa Gomes, aliombwa na wamisionari ashone vazi la heshima kwa ajili ya wasichana wa shule ya Gayaza. Alikata mabega yaliyochongoka, shingo ya mraba na vifungo viwili. Kama angeandikisha mchoro ule kwa sheria ya namna ya leo, haki yake ingekwisha mwaka 1920. Baada ya hapo kila fundi angeweza kushona, na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo: kila fundi ameshona, Buganda, Busoga hadi mpakani, na kila mmoja ameongeza kitu chake, na mkanda umekuwa mpana na vitambaa vimekuwa vya hariri. Gomesi ingekuwa na mwenyewe anayedai ada kwa kila harusi isingefika vijijini. Sheria iliyoweka mwisho wa miaka 15 ilijua inalolifanya. Ninachokilalamikia ni jina kuchukuliwa na mgeni milele, wala si mshono kuigwa na jirani.

Kuigwa na jirani nako kuna mipaka, bila shaka. Katika kambi ya polisi karibu na ninapokaa yupo mke wa sajini mmoja anayeshona magauni ya watoto kwa kuunganisha kitenge na mapindo ya leso. Duka moja la mjini lilinunua gauni lake moja, likalifumua, likakata kwa kipimo chake, na baada ya mwezi likawa limetundika mengi ya namna hiyo kwa bei iliyo chini ya yake. Mama huyo aliniuliza kama kuna sheria. Ipo, ila inamsaidia nusu. Mshono wa gauni, yaani namna ya kukata, ni mgumu kuulinda, maana mahakama huuliza nini hasa kilicho kipya katika gauni lenye mikono miwili. Michoro yake ya daftarini, kama ameitia tarehe, ni ushahidi wa hakimiliki. Mpangilio wake wa mapindo, kama kweli haujaonekana popote, ungeweza kuandikishwa, mradi asiwe ameutundika dukani muda mrefu kabla ya kwenda kuandikisha, maana mchoro uliokwisha zoeleka hauhesabiwi kuwa mpya. Na lile la rahisi kuliko yote ni jina. Kitambaa kidogo cha jina kilichoshonwa ndani ya shingo, jina likasajiliwa, huwa ni mali ambayo mwenye duka hawezi kuifumua na kuishona upya bila kuingia hatarini.

Nilimletea mfano kutoka Mombasa: kijitambaa cha jina ambacho fundi mmoja wa kibarazani huviagiza kwa mamia. Aliuliza bei mara mbili. Duka lile linaendelea kuuza.

Katika mtaa huo huo kuna nguo moja ambayo hakuna fundi atakayekubali kuishona, nayo wasomaji wa gazeti hili wanaijua kuliko mimi. Nilikuwepo kijana mmoja alipoleta kipande cha kitambaa chenye mabaka ya kijani na kahawia, akitaka suruali. Fundi alikirudisha mezani kwa ncha za vidole kama kitu chenye moto. Kenya na Uganda, kama nchi nyingi za jirani, raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo hata mtu akadanganyika, na anayeiuza kwa asiyestahili naye ana kosa. Sababu inaeleweka na kila aliyewahi kusimamishwa barabarani usiku na mtu asiyemjua. Mchoro wa leso ukiigwa, mzee wa Mombasa hupoteza faida ya msimu. Sare ikiigwa, watu hupoteza mali na pengine roho. Watalii hawajui hili, na wapo walioacha kofia zao za mabaka mikononi mwa polisi. Kijana yule alitoka na kitambaa chake bila neno, na fundi akafuta meza.

Sare zenyewe zina historia yake kwetu. Kile kiwanda cha Jinja kilichoitwa Nyanza Textile, ambacho wazee wetu wanakiita Nytil hadi leo, kilijengwa kukaribia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na kwa miaka mingi nguo yake ilisifiwa Afrika Mashariki yote. Nilipowatajia wauzaji wa Barabara ya Biashara jina la Jinja, wawili kati ya wazee waliuliza kwanza habari za kiwanda, kabla ya kuuliza habari za mto.

Siku ya mwisho nilinunua doti sita na vikoi viwili, kwa orodha niliyopewa na majirani. Mzee alinifungia kwa gazeti, akanionya nisizikubali leso ambazo rangi hazipenyi upande wa pili, akaniombea safari njema.

Nilirudi kwa njia ya Busia. Hapo sheria husomwa kwa vidole. Mali iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, ikiwa na cheti cha asili, hupita bila ushuru wa forodha, na kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mzigo wake hauzidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kuna cheti chepesi kinachotolewa pale pale mpakani. Lakini leso iliyochapwa India haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imekaa wiki mbili katika rafu ya Mombasa. Mbele yangu alikuwapo mama mwenye marobota matatu, aliyeeleza kwamba leso ni za Waswahili tangu zamani. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza ukingo wa leso ya juu na kumwonyesha ilikochapwa. Walikuwa bado wanazungumza zamu yangu ilipofika.

Afisa wa pili, dada wa makamo, alinifungua mfuko na kuhesabu.

"Ni za kuuza?"

"Ni za majirani, dada. Hizi mbili ni za nyumbani."

Aligeuza ukingo, akasoma Mali ya Abdulla, akaifunua leso hata jina likaonekana, akalisoma kimya. Alicheka peke yake, akamwita mwenzake aje alisome, kisha akaikunja vizuri kuliko ilivyokuwa na kunirudishia.